Na Mvua Amemwachia Nani?

Mwaka 1984 masika haikuja. Sisi wa Pwani tunauhesabu mwaka kwa pepo mbili, kaskazi na kusi, na kusi inapoanza kushika mnamo Aprili ndipo wakulima hutazama mawingu ya baharini. Mwaka ule kusi ilivuma kavu. Mombasa mjini, tulikokuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa Majengo, ukame ulikuwa habari ya redioni na foleni ndefu za kununua unga. Kaloleni, kwa bibi yetu tuliyemwita Hawe, ukame ulikuwa mahindi yaliyonyauka kabla hayajafika magotini na akina mama waliotoka alfajiri kutafuta maji wakarudi jua likiwa kali.

Baba alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Kilindini. Ni yeye aliyetuambia kwamba meli za mahindi zimetia nanga, na kwamba mahindi yenyewe ni ya njano. Wakenya wa rika langu wanaikumbuka sima ile ya njano, harufu yake na ladha yake ngeni kinywani. Wengine waliisema vibaya. Hawe hakuisema vibaya hata mara moja. Alisema chakula kilichovuka bahari kumfikia mwenye njaa hakitukanwi.

Katika mwaka huohuo, bahari hiyohiyo ilituletea kitu kingine, nacho ndicho ninachotaka kukisimulia: kitabu cha katuni cha Kimarekani, toleo la kwanza la *Giant-Size X-Men*, la Mei 1975. Aliyenirudisha kwacho ni mwanangu, aliyeninunulia nakala ya toleo lililochapwa upya, lenye rangi zake za zamani na hata matangazo yake ya zamani. Nimekisoma tena taratibu nikiwa na miwani, na nimekuta ndani yake jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote hii.

Kilivyofika mikononi mwetu si ajabu kwa mtu aliyeijua Mombasa ya miaka ile. Tangu Kenya na Marekani zitie sahihi mkataba wa mwaka 1980 wa matumizi ya bandari na viwanja vya ndege, manowari za Kimarekani zilikuwa zikiingia Kilindini na mabaharia wake wakimwagika mjini. Walivyoviacha viliishia kwa wauza mitumba: mashati, kanda za muziki, majarida. Mwembe Tayari palikuwa na mzee aliyetandaza vitabu juu ya gunia. Hapo ungepata vitabu vya shule visivyo na jalada, matoleo ya *African Film* yenye visa vya mpelelezi Lance Spearman ambavyo kaka zetu wakubwa walivipenda mno, na, ukibahatika, komiki za rangi kutoka Marekani. Dada yangu alikuwa kidato cha tatu. Ndiye aliyekiona, ndiye aliyekinunua, na ndiye aliyekuwa na Kiingereza cha kukisoma.

Jalada lake sijapata kulisahau. Kundi la mashujaa wapya linachomoza likipasua karatasi iliyochorwa kundi la zamani. Mbele yupo jitu la chuma, yupo kiumbe wa buluu mwenye mkia, yupo mtu mwenye makucha, na kati yao yumo mwanamke Mweusi mwenye nywele nyeupe. Dada aliweka kidole juu ya yule mwanamke akaniambia, "Huyu ni wa kwetu. Ndani imeandikwa Kenya." Sikumsadiki mpaka alipofungua akanionyesha neno lenyewe. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi aliyejua kwamba mashujaa wa vitabu hutoka kwingine. Kuliona jina la nchi yangu katika kitabu kile kulinifurahisha kupita kiasi, na furaha hiyo sijaiona upungufu wake hadi leo.

Likizo ya Agosti tulipelekwa Kaloleni kama kawaida, na kitabu tukaenda nacho. Jioni, baada ya sima ya njano na mchicha mchache, Hawe aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa hando lake, vazi la kiunoni la Kigiriama, na sisi wajukuu tukajipanga mkekani kuizunguka koroboi. Dada alisoma. Alisoma kwa Kiswahili, akichanganya na Kigiriama pale Hawe alipokunja uso, na kila baada ya ukurasa alikigeuza kitabu na kukisogeza kwenye mwanga ili bibi aone picha.

Kisa chenyewe kinaanza kwa shida. Profesa Xavier ana shule ambayo kwa siri ni makazi ya vijana waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, wale ambao kitabu kinawaita myutanti. Vijana wake wamekwenda kwenye kisiwa cha Krakoa, katika Bahari ya Pasifiki, na hawajarudi, isipokuwa kiongozi wao, Cyclops. Basi Profesa anaizunguka dunia kutafuta wengine wa kwenda kuwaokoa. Ujerumani anamtoa Kurt Wagner mikononi mwa watu wenye mienge wanaotaka kumuua kwa sababu ya sura yake. Kanada anamchukua Wolverine, ambaye wasomaji walikuwa wamemwona mara ya kwanza mwaka 1974 katika kitabu cha Hulk. Anampata Banshee, mtu wa Ayalandi. Anampata Sunfire huko Osaka, Piotr Rasputin, lile jitu la chuma liitwalo Colossus, kwenye shamba la pamoja karibu na Ziwa Baikal, na John Proudstar, Muapache wa Arizona. Na kati ya safari hizo anafika Kenya.

Ukurasa ule wa Kenya dada aliusoma polepole. Wanakijiji wamekusanyika wakilia ukame. Wanamwita Ororo, wanayemwona kuwa mungu wao wa kike. Anasimama juu, upepo unamtii, mawingu yanajikusanya, mvua inanyesha. Picha zile ziliposogezwa kwenye mwanga, Hawe aliinama akazitazama kwa muda. Ororo amechorwa karibu hana nguo. Hilo halikumshughulisha bibi aliyekulia katika jamii ambamo mwanamke mtu mzima alivaa hando na mabega yake yakapigwa jua. Kilichomshughulisha ni mvua. Wiki ileile wazee wa kaya walikuwa wameingia msituni kuiomba. Kwa Wagiriama, kaya ni msitu mtakatifu palipokuwa makao ya wahenga, na jambo zito kama njaa hupelekwa huko. Kwa hiyo kisa cha watu wanaolilia mvua na mmoja mwenye uwezo wa kuileta hakikuwa cha ajabu masikioni mwake. Alikisikiliza kama habari.

Kisha anatokea Profesa. Anamwambia Ororo kwamba yeye si mungu bali ni myutanti, na kwamba ana wajibu kwa ulimwengu ulio mkubwa kuliko kijiji kile. Hamfichi kwamba huko atakutana na watu watakaomwogopa. Ororo anakubali kwenda naye.

Hapo Hawe aliuliza, "Na mvua amemwachia nani?"

Dada alinyamaza. Bado naiona sura yake juu ya ukurasa ule, macho yakihama kutoka kisanduku kimoja cha picha hadi kingine. Halafu akaendelea kusoma. Alisoma kwamba kabla ya kuondoka Ororo alimwita bibi mmoja mzee wa kijiji, akamshika mikono yote miwili mbele ya watu, akamwonyesha namna ya kuyatazama mawingu na kuujua upepo, akamwahidi kwamba siku watu wakizidiwa atarudi hata kwa miguu. Wanakijiji walimsindikiza hadi njia panda, ndipo akaenda.

Hawe aliridhika. Alisema, "Basi aende." Kisha akatukumbusha habari za Mekatilili wa Menza. Waingereza walimkamata mwaka 1913 kwa kuwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wao wala kodi, wakampeleka uhamishoni magharibi mwa nchi, mbali na kwao, naye akatoroka akarudi Pwani kwa miguu. Mwaka 1914 walipoilipua Kaya Fungo kwa baruti, Hawe alikuwa mtoto mdogo. Kwake mwanamke mwenye nguvu aliyechukuliwa na wageni hakuwa mtu wa kitabuni, na kipimo cha mwanamke huyo kilikuwa kimoja: alirudi.

Vuli ya mwaka ule ilinyesha, na watu wakapanda tena. Kitabu kilizungukia watoto wa Kaloleni na wa Majengo mpaka jalada likatoka, kisha kurasa moja moja, kisha kikapotea. Miaka ikapita. Hawe akatangulia mbele ya haki. Dada alisomea uuguzi, akafanya kazi katika wodi za wazazi hapa nyumbani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Uingereza ilipokuwa ikiajiri wauguzi wengi kutoka kwetu, naye akaenda. Mimi nikawa mwalimu wa jiografia. Nimefundisha watoto wa Pwani kwa nini kusi huleta masika na kwa nini mwaka mwingine haileti, na sijapata kuifundisha mada hiyo bila kumkumbuka mwanamke mwenye nywele nyeupe.

Sasa nimekisoma mwenyewe. Nimeufikia ukurasa wa Kenya, nimesoma maneno ya Profesa, nimemwona Ororo akikubali, nimefunua nione anavyomshika mikono yule bibi mzee. Hayupo. Hakuna bibi, hakuna mawingu yanayofundishwa, hakuna njia panda. Ororo anakubali na hadithi inahamia Osaka. Wanakijiji tuliowaona wakilia hawaonekani tena, wala hakuna anayewauliza chochote. Kuaga kote kule nilikokukumbuka kwa miongo minne, kwa uhakika wa mtu aliyekuona kwa macho, kulitoka kichwani mwa msichana wa kidato cha tatu aliyeulizwa swali na bibi yake.

Nilimpigia simu. Alicheka kidogo, kisha akasema kwa upole, "Hawe alikuwa ameuliza. Ningemwambia hakuna jibu?"

Sitaki msomaji adhani nakidharau kitabu. Kadiri ninavyojifunza zaidi jinsi kilivyotengenezwa ndivyo ninavyozidi kukiheshimu. X-Men walibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, vijana watano, wote Wamarekani weupe. Vitabu vyao havikuuzwa vya kutosha, na kuanzia mwaka 1970 kampuni ya Marvel ikawa inarudia tu hadithi za zamani. Roy Thomas, aliyekuwa mhariri mkuu, amesimulia kwamba wazo la kundi la kimataifa lilitokana na rais wa kampuni, Al Landau, aliyetaka mashujaa wa nchi ambako vitabu vyao vingeweza kuuzwa. Kazi ikamwangukia mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Hesabu ya biashara ingewapa nchi za wanunuzi. Wao wakachagua hata mkulima wa Sovieti, wakati wa Vita Baridi, na mwanamke wa Kenya, nchi ambayo haikuwa soko la kumpigia mtu hesabu.

Cockrum mwenyewe aliwahi kuwa askari wa jeshi la majini la Marekani. Niliposoma hilo nilifurahi, kwa kuwa ni mabaharia wa jeshi lilelile waliokiacha kitabu chake katika mji wangu. Ukiutazama mkono wake unaona mtu aliyejali. Ororo hakuchorwa mtumishi wala mateka anayesubiri kuokolewa. Amesimama wima, na anga lote linamsikiliza. Mwaka 1975 katika komiki za Marekani wanawake Weusi wenye hadhi hiyo walikuwa wa kuhesabika. Huko Krakoa, ambako kisiwa chenyewe kinagunduliwa kuwa kiumbe hai kinachojilisha nguvu za myutanti, radi zake ni sehemu ya ushindi. Mwisho wa kitabu mashujaa ni 13, wa zamani na wapya, na swali ni watafanya nini na wingi huo. Jibu alilitoa Chris Claremont, aliyeshika kalamu kuanzia toleo la 94 la mfululizo wa *X-Men* na kuandika hadi mwaka 1991. Wageni wale wakawa ndio X-Men ambao dunia inawajua, na mwaka 1980 Ororo akawa kiongozi wao. Mwanamke aliyetolewa katika kijiji cha Kenya akawaamrisha Wolverine na Colossus, nao wakamtii.

Lakini kile kijiji nacho ni cha Kenya, na mimi ni Mkenya, kwa hiyo siwezi kukipita. Hakina jina, hakina lugha, watu wake hawana sura zinazotofautiana. Wanapiga magoti na kulia, basi. Nimeishi miongoni mwa watu waliolilia mvua, na najua walikuwa wanafanya nini kingine. Walikuwa wakigawana debe la maji. Walikuwa na wazee wanaobishana ni siku gani ya kuingia kaya. Walikuwa na akina mama waliojua ni mti gani wa mwituni wenye tunda linaloliwa mwaka wa njaa. Walikuwa na maswali, na mojawapo lilikuwa kubwa kuliko hoja zote za Profesa Xavier. Profesa alisema kweli aliposema kipawa ni wajibu. Alilosahau ni kwamba Ororo tayari alikuwa akitimiza wajibu, mbele ya watu waliokuwa na kiu siku ile.

Baada ya kufunga kitabu nilitafuta kujua kama Marvel wenyewe waliwahi kulijibu swali la Hawe. Nilichokipata kimenigusa kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1984, mwaka uleule masika yetu ilipokosa kuja, Ororo anapigwa na silaha inayomnyang'anya nguvu zake zote. Hawezi tena kuleta hata tone la mvua. Na mwaka 1985, katika toleo la 198, hadithi ya Claremont iliyochorwa na Barry Windsor-Smith, anarudi Afrika hivyo hivyo, mikono mitupu, katika nchi iliyokauka. Anamkuta njiani binti mjamzito anayerejea kijijini kwao, wanasafiri pamoja, na mtoto anapozaliwa hapumui. Ni Ororo anayempulizia pumzi mpaka analia. Humo pia mna mzee wa kijiji anayeitoa nafasi yake duniani kwa ajili ya yule mtoto, kwa sababu ardhi ile haiwezi tena kulisha wengi. Sikubaliani na kila jambo katika hadithi hiyo. Sijaona mzee wa kwetu akihesabu watu kwa namna ile. Lakini kijiji sasa kina wazee wanaosema, kina binti mwenye historia yake, na Ororo amejifunza kukaa nao bila kuabudiwa.

Nilimsomea dada kurasa hizo kwa simu, kwa Kiswahili, kama alivyotusomea yeye. Nilipofika kwa mtoto anayepuliziwa pumzi, alinyamaza. Amefanya kazi hiyohiyo kwa mikono yake, Pwani na Uingereza, usiku usio na idadi. Kila mwezi, tangu aondoke, anatuma fedha za karo za watoto wa ukoo, na kisima kilichochimbwa nyumbani kwa Hawe kimechimbwa kwa mshahara wake. Sijawahi kumhukumu kwa kwenda. Alipoondoka alikaa na wauguzi wadogo wa wodi yake kwa wiki nyingi akiwafundisha yote aliyoyajua, na niliona kwa macho yangu jinsi alivyoifanya kazi ile bila haraka.

Leo wapo vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa wanaochora mashujaa wa kwetu, na kalamu zao ni nzuri. Nawaomba jambo moja. Mchoreeni shujaa nguvu, mchoreeni vazi lake na maadui zake, mpelekeni kwenye miji mikubwa na hata kwenye nyota. Lakini kabla hajapaa, mpeni ukurasa wa kuaga. Wachoreni waliobaki, mmoja mmoja, kila mtu na sura yake na jina lake, na mumwonyeshe msomaji ni nani atakayeshika kazi kesho yake asubuhi. Ukurasa huo hauipunguzii hadithi mwendo. Watoto tuliokaa mkekani Kaloleni tuliusikiliza bila kupepesa macho, tukaukumbuka kuliko vita vya Krakoa. Uliongezwa na msomaji kwa sababu waandishi hawakuuweka, na kwa maoni yangu ndio ukurasa bora wa kitabu kile.